Masinki mawili, mlango mmoja: kisa cha bafu dogo la Njiro

Familia hii inaishi Njiro, Arusha, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye bafu moja tu. Ndani wamo watu sita: baba, ambaye ni dereva wa watalii; mama, anayefanya kazi hospitalini; binti wa kidato cha pili; mvulana wa darasa la sita; mdogo wao wa darasa la kwanza; na bibi mzaa baba. Ombi lao lilikuwa fupi. Walitaka kabati la sinki lenye masinki mawili, kama lile mama aliloliona kwenye picha, ili asubuhi watu waache kugombania bafu. Hela ya kazi ilikuwepo, fundi marumaru alishapewa taarifa, na dukani walishawekewa kabati la sentimita 120 lenye mabakuli mawili. Kilichobaki ni mchoro.

Ombi la namna hii linakuja sana siku hizi, na mara nyingi anayelijibu ni muuza kabati. Muuza kabati anajua urefu wa kabati lake, hajui urefu wa ukuta wako. Ndiyo maana nakieleza kisa hiki kwa kirefu, na vipimo vyake vyote.

Bafu lenyewe

Marumaru hadi marumaru, bafu lina urefu wa sentimita 240 na upana wa sentimita 165. Mlango uko kwenye ukuta mfupi unaopakana na korido, kwenye kona ya kushoto, na unafunguka kwa ndani mpaka kulalia ukuta wa kushoto. Ukuta wa kulia ni wa nje ya nyumba, na huko nje ndiko iliko chemba ya choo na gali, yaani kishimo chenye mfuniko kinachopokea maji ya kuogea na ya sinki. Mwisho wa chumba, upana wote, ni sehemu ya kuogea yenye kina cha sentimita 90. Kwa hiyo kwenye ukuta wa kulia zinabaki sentimita 150, na hizo ndizo zilizokuwa zimebeba choo cha kukaa na sinki moja dogo la zamani. Chini ya sinki hilo palikaa ndoo mbili za akiba, kwa sababu maji ya bomba hayatoki kila siku.

Sasa tepu. Kanuni za mabomba za Marekani, ambazo wachoraji wengi wa mabafu huzitumia kama rula, zinataka kuanzia katikati ya sinki hadi ukuta wa pembeni kusipungue inchi 15, sawa na sentimita 38. Kutoka katikati ya sinki moja hadi katikati ya la pili kusipungue inchi 30, yaani sentimita 76. Jumlisha 38 na 76 na 38, unapata 152. Ndiyo sababu makabati ya masinki mawili yanayokalika vizuri huanzia sentimita 150 hivi, na yale ya kustarehesha hufika 180. Choo nacho kinadai sentimita 38 kila upande kuanzia katikati, jumla 76, na mbele yake pabaki angalau inchi 21, sentimita 53, za kusimama na kuweka magoti. Wabunifu wa mabafu wenyewe hupendekeza zaidi: sentimita 91 kati ya sinki na sinki, na 76 za nafasi mbele.

Tazama sasa ukuta wetu. Sentimita 150 zote zingekaribia kutosha masinki mawili, kwa kubana, kama choo kisingekuwepo. Choo kipo. Ukikiachia 76 zake, sinki linabakiwa na 74. Kabati la 120 halina pa kuingia, labda choo kihame.

Baba alishafikiria hilo: choo kihamie ukuta wa kushoto, mbele kidogo ya mlango. Nilichora ili aone. Mlango ukifunguka unakula sentimita 75 za ukuta wa kushoto, kwa hiyo choo kingebanwa kati ya ubao wa mlango na sehemu ya kuogea, kwenye sentimita 75 zilizobaki. Choo kinatoka ukutani karibu sentimita 70. Kabati linatoka 45 upande wa pili. Toa vyote kwenye 165, unabaki na sentimita 50 za kupita, hapo hapo kwenye magoti ya aliyekaa chooni. Na hapo bado hujagusa sakafu. Bomba la inchi nne lingelazimika kuvuka chumba chini ya marumaru hadi chemba iliyo upande wa kulia, likishuka walau sentimita moja kila sentimita arobaini. Sakafu yote ingepasuliwa. Kwa familia yenye bafu moja, maana yake ni siku kadhaa za kuomba choo kwa jirani, pamoja na bibi wa miaka zaidi ya sabini.

Kulikuwa pia na wazo la sinki moja refu lenye koki mbili, aina ambayo utaiona shuleni na kwenye hoteli. Mimi nalipenda sana sinki la namna hiyo. Lina trapu moja (ile kona ya bomba chini ya sinki inayobaki na maji), tundu moja la kumwaga, ni rahisi kusafisha, na watoto wawili wanasimama pamoja bila taabu. Lakini nalo linataka sentimita 90 au zaidi, na sisi tuna 74.

Kabla ya kumwambia mama kwamba haiwezekani, nilitaka aone kwa mwili wake. Nilichukua boksi la friji, nikakata kipande cha sentimita 120 kwa 45, nikakichorea duara mbili pale mabakuli yangekaa, tukakiweka sebuleni juu ya viti viwili. Katikati ya duara hadi katikati ya duara palikuwa na sentimita 60. Nikawaomba mama na binti wasimame wainame kama wananawa uso. Kiwiko cha mama kilimgonga binti begani. Wakajaribu tena kwa zamu, mmoja anapiga mswaki wakati mwingine ananawa. Hapo ilikuwa afadhali, lakini kila aliyeinuka alimsukuma mwenzake. Mama akakiangalia kile kipande akauliza, "Fundi, na sabuni, dawa ya meno, vikombe vya miswaki ya watu sita, vinakaa wapi?" Swali zuri. Kwenye kabati la 120 mabakuli mawili yanameza karibu meza yote. Chini yake kuna trapu mbili na mabomba yake, na ukiweka maji ya moto na baridi zinaingia engo valvu nne, yaani vikoki vya kufungia maji chini ya sinki, na mipira minne. Droo hazipo tena. Wanaonunua masinki mawili kwa bafu dogo hulipia koki ya pili kwa kupoteza mahali pa kuweka vitu, na hawajui mpaka kabati lifike.

Karatasi ya mlangoni

Hata hivyo, vipimo havikunitosheleza. Vipimo vilisema kabati halitoshi. Havikusema familia ifanye nini asubuhi. Niliwaomba wabandike karatasi mlangoni mwa bafu kwa wiki moja ya shule. Kila anayetoka aandike ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, alikuwa anafanya nini.

Gari la shule linafika saa kumi na mbili kasoro robo. Baba akiwa na wageni wa Tarangire au Ngorongoro anatoka hata kabla ya hapo, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi wageni ni wengi. Kwa hiyo msongamano wote uko kati ya saa kumi na moja na muda wa gari. Karatasi ilionyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja. Muda ambao watu wawili walikuwa ndani ya bafu kwa pamoja ulikuwa mdogo mno: mama na mtoto wa darasa la kwanza, basi. Baba haingii binti akiwemo. Mvulana haingii bibi akiwemo. Binti akioga anafunga komeo, na ni haki yake. Wakati huo mlangoni wamesimama watu wawili wenye miswaki mkononi, na wanachohitaji ni dakika mbili za maji.

Bibi ndiye aliyelisema waziwazi. Nilipomwamkia akaitikia, akaniuliza kazi imefikia wapi, nikamweleza habari ya masinki. Akasema, "Mwanangu, mimi sinki linanitosha hilo hilo. Shida yangu ni komeo. Nikitaka kunawa, kuna mtu amefunga."

Hapo kisa kizima kiligeuka. Masinki mawili nyuma ya mlango mmoja wenye komeo yanamhudumia mtu mmoja. Yanafaa pale ambapo wanaoyatumia wanaweza kuwa ndani pamoja bila aibu, yaani mke na mume kwenye bafu la chumbani kwao, au watoto wadogo wa rika moja. Kwenye bafu la familia nzima, lenye wazazi, vijana waliokwisha kukua na mkwe wa mtu, heshima ya nyumba inawazuia wasikutane humo, na koki ya pili itakaa kavu kila mara mtu anapofunga mlango. Picha alizoziona mama zilikuwa za mabafu ya wawili. Hakuna aliyemwambia tofauti hiyo, na kwa maoni yangu ilipaswa kuwa swali la kwanza dukani: bafu hili ni la nani?

Karatasi ilionyesha pia kwamba "nilikuwa kwenye sinki" mara nyingi ilimaanisha nilikuwa kwenye kioo. Mama kufunga kilemba na kujipaka mafuta, baba kunyoa ndevu, binti kujitazama kola. Bafu lilikuwa na kioo pekee chenye taa nzuri nyumbani. Mtu asiyehitaji hata tone la maji alikuwa ameshikilia bafu zima.

Sinki la pili limetoka nje

Pendekezo langu lilikuwa sinki la pili liwepo, lakini upande wa korido. Si jambo geni kwetu. Nyumba nyingi za Arusha na Moshi zina sinki la kunawia mikono karibu na meza ya chakula, na watu hawaoni ajabu kuosha uso hapo. Jipya lilikuwa mahali pake na mabomba yake.

Ukuta mfupi wa bafu, ule wenye mlango, una sentimita 165. Mlango na fremu yake unachukua 80. Zinabaki 85 za ukuta mtupu, na upande wa pili wa ukuta huo ni korido yenye upana wa sentimita 120. Tuliweka hapo sinki jembamba la upana wa sentimita 45, linalotoka ukutani sentimita 30. Korido ikabaki na 90, mtu na ndoo yake anapita. Sinki la ndani la bafu likabaki kwenye ukuta wa kulia, jirani kabisa na ukuta huo huo, kiasi kwamba masinki mawili yanapakana kwenye kona, moja ndani na moja nje. Fundi bomba alitoboa tundu moja tu ukutani kwa kila njia, maji safi kwa juu na maji machafu kwa chini.

Shemeji wa nyumba, kaka yake mama, alikuwa na wazo jingine: mlango wa bafu usogezwe ndani, ukuta mpya ukate kati ya sinki na choo, ili sinki libaki wazi kwa wote. Nililipima kwa makini kwa sababu lina mantiki yake, na kwenye bafu refu kuliko hili ningelichukua. Lakini ukuta wa tofali za inchi nne, plasta na marumaru pande zote, unakula karibu sentimita 15 za chumba ambacho tayari hakina hata moja ya ziada. Pia lingewaacha bila sinki lolote nyuma ya komeo. Bibi ana meno ya bandia na hapendi kuyaosha mbele ya wajukuu. Mama na binti nao wana vitu vyao vya kufua kwa faragha kila mwezi. Sinki la ndani lina kazi yake, na haipunguzwi na la nje.

Maji yasije yakagombana

Hapa ndipo kazi za masinki mawili huharibikia, yawe ndani au nje, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza presha. Nyumba inatumia tanki lililo juu ya mnara wa mita tatu. Kila mita moja ya kimo cha maji inatoa takriban sehemu moja ya kumi ya baa, kipimo cha presha. Koki ya sinki iko karibu mita moja kutoka ardhini, kwa hiyo kati ya kitako cha tanki na koki kuna mita mbili, sawa na 0.2 ya baa. Koki nyingi za kisasa za mkono mmoja, zinazochanganya moto na baridi, huandikwa kwenye boksi kwamba zinataka kuanzia 0.5 au baa nzima. Ukizifunga kwa tanki la namna hii zinatoa uzi wa maji, na ukifungua mbili kwa pamoja kila moja inalia. Zile za dukani zilikuwa za aina hiyo. Tulichagua koki za kawaida za kuzungusha, zenye tundu pana, na tukaleta bomba la milimita 25 hadi kwenye kona, ndipo likagawanyika kuwa milimita 20 kwa kila sinki. Gawanyo likifanyika mbali, kwenye bomba jembamba, anayefungua wa kwanza anamnyima wa pili. Maji ya moto hatukuyapeleka kwenye masinki. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi na baridi ya mwezi wa sita na wa saba inauma, lakini wao wana hita ya kuogea, na bibi anatumia chupa ya chai kwa maji ya kunawa. Hawakuona haja.

Pili, maji machafu. Fundi alitaka kuunganisha masinki yote mawili kwenye trapu moja ili kuokoa kifaa. Nilikataa. Kila sinki lilipata trapu yake, yenye kina cha maji cha milimita 75, kwa sababu maji yale yaliyosimama kwenye kona ya trapu ndiyo pazia pekee kati ya pua yako na harufu ya shimo. Bomba la sinki la korido lina urefu wa karibu mita moja mpaka gali ya nje. Mwongozo wa Uingereza unaruhusu bomba la milimita 32 kwenda hadi mita 1.7 na la milimita 40 hadi mita 3 bila bomba la hewa, hilo la 40 ukilishusha kati ya milimita 18 na 44 kwa kila mita. Tulitumia milimita 40 kwa kila sinki, na pale yanapokutana tukaongeza hadi milimita 50. Hilo ongezeko dogo ni la lazima: maji ya sinki moja yakijaza bomba zima yanapopita, yanavuta hewa nyuma yake na kunyonya maji ya trapu ya jirani. Hapo ndipo watu hulalamika kwamba sinki jipya linanuka, wanamwaga dawa, wakati hakuna uchafu wowote, trapu imekauka tu. Bomba letu liliishia juu ya maji ya gali, chini ya mfuniko wenye matundu, na kwa hiyo linapumua.

Kabati la dukani halikuchukuliwa. Lilikuwa la MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, iliyobandikwa karatasi, na bafu la kwetu linaoshwa kwa maji mengi, sakafu nzima. MDF ikilowa kwenye kingo inavimba kama mkate. Chini ya sinki la ndani tulijenga slebu nyembamba ya zege yenye nondo, ikavishwa marumaru, upana sentimita 70. Sinki moja likakaa upande wa kulia, na kushoto ikabaki meza ya vikombe vya miswaki. Chini pako wazi, ndoo mbili za akiba zikarudi mahali pake. Seremala aliongeza shubaka la mbao lenye milango juu ya choo.

Sinki la ndani lilikaa sentimita 85 kutoka sakafuni, kwa watu wazima. La korido lilikaa 75, wa darasa la kwanza analifikia kwa kigoda kifupi na bibi hainui mabega. Kwangu hiyo ni faida ambayo kabati la masinki mawili lisingeitoa kamwe, maana lingekuwa na kimo kimoja kwa wote. Juu ya sinki la korido tuliweka kioo kikubwa na taa mbili, moja kila upande wa kioo, ili mwanga uangukie uso na usitengeneze kivuli chini ya macho. Ukuta ulivishwa marumaru hadi sentimita 120, na soketi ya karibu ikahamishwa mbali na maji.

Siku ya kukabidhi nilijaza masinki yote mawili hadi juu, nikavuta vizibo kwa wakati mmoja, kisha nikasikiliza. Yakimalizikia kwa mlio wa kunyonya, trapu imeibiwa maji. Hapakuwa na mlio. Tukamulika tochi kwenye kila tundu, maji yalikuwa yamesimama.

Asubuhi za shule sasa mwenye komeo anaoga kwa raha zake na wawili au watatu wako korido. Malalamiko mapya ni ya mama: sakafu ya korido inarushiwa maji na watoto na marumaru zinateleza. Tumeshakubaliana kubadili safu mbili za marumaru mbele ya sinki, ziwekwe zenye uso wa kukwaruza.

Mama hajaacha wazo la masinki mawili, na sioni kwa nini aliache. Wanapanga kuongeza chumba chao cha kulala chenye bafu lake upande wa nyuma. Kwenye mchoro nimewaachia ukuta mmoja wa sentimita 155 usio na choo wala mlango, nafasi ya sentimita 90 mbele yake, na njia mbili za maji machafu zitakazolazwa kabla zege la sakafu halijamwagwa, zikiachana sentimita 76.